Tupeane uzoefu: vijijini Ayalandi mnakula wapi na mnanunua kwa nani?

dada_wa_Ennis

Wakuu salaam.

Mwaka wa nne huu nipo kaunti ya Clare, nahudumia kwenye nyumba ya wazee nje kidogo ya Ennis. Kila mgeni akija swali ni lile lile: huko kijijini kuna nini cha kula zaidi ya viazi? Dublin tunaijua, sembe ipo, mihogo ya friji ipo, haihitaji uzi. Huu ni wa huku kwenye ng'ombe na kondoo. Unanunua kwa nani, unakaa kula wapi, ulipata aibu gani. Sharti moja tu: uwe umefika mwenyewe, mambo ya Google tuwaachie watalii.

Naanza na mayai. Njia yangu ya kazini ina geti la shamba, na pembeni ya geti kuna kabati dogo la mbao. Ndani mayai, siku nyingine jamu, na kopo la biskuti lililotobolewa juu pa kutumbukiza hela. Mtu hayupo. Siku ya kwanza nilisimama nikapiga honi, akatoka mbwa. Kikaratasi cha mkono, wino umechuruzika kwa mvua: sita, euro 3. Mimi nina noti ya kumi. Kufungua kopo la watu nijirudishie chenji nikaona huo ndio wizi wenyewe, nikikutwa nitajieleza vipi, mweusi peke yangu barabara nzima? Nikatumbukiza kumi, nikachukua sita, nikaondoka nimenuna.

Kesho yake napita, kikaratasi kipya: "Kwa dada wa gari jekundu." Chini yake maboksi mawili yamefungwa kwa kamba, na sarafu ya euro moja imebandikwa juu kwa selotepu. Kumbe dirishani walikuwa wananitazama muda wote, na honi waliisikia!

Hadi leo sinunui mayai dukani. Kiini kimekolea kama cha kuku wa kienyeji. Karibuni.

mkamba_monaghan

Dada, hapo kwa noti ya kumi umenimaliza.

Mimi niko Monaghan, kwenye mashamba ya uyoga. Sisi wa shifti ya asubuhi tunakula kwa petroli stesheni, na msicheke. Ukiingia ndani kuna kaunta ya vitu moto, na ule mkate mrefu unaopasuliwa ukajazwa kuku wa kukaanga, mayonezi na saladi. Wenyeji wanauheshimu kuliko hoteli. Fundi, dereva wa lori, mwanafunzi, polisi, wote laini moja.

Lakini siri yangu ni maziwa ya kuokea. Pakiti imeandikwa buttermilk. Wao wanayamwaga kwenye unga wa ngano wenye magadi, wanaoka ule mkate wa kahawia wenye msalaba juu. Uchachu wa maziwa ndio unaoamsha magadi, hamira haihitajiki, saa moja haiishi mkate uko mezani. Mimi nilifungua nikaonja tu kwa udadisi. Mala, maziwa ya kugandishwa ya kwetu! Nyepesi kidogo kuliko ya kwetu, lakini ni mala. Hiyo na ugali, na sukuma yao yenye majani ya kujikunja, sina habari na mtu.

Na jirani yangu, nyanya wa miaka themanini na kitu, alinifunza boksti. Viazi vibichi unavikuna, unavikamua maji kwa kitambaa mpaka mkono uchoke, unachanganya na vilivyopondwa na unga kidogo, halafu kikaangoni kama chapati. Siagi juu. Ni chakula cha huku Cavan na Leitrim, sidhani kama wa Cork wanakijua vizuri.

senene_za_Bukoba

Wa Cork tunakijua, hatukitaki tu.

Mimi niko Cork ya magharibi, nakamua ng'ombe kwenye shamba la mzee mmoja. Jumamosi nikitoka zamu naenda soko la wakulima Skibbereen. Hapo ndipo nilipokutana na jibini. Siyo ile ya kufungwa plastiki mnayoweka kwenye sandwichi. Nazungumzia Milleens, Durrus, Gubbeen. Hizi zote zimezaliwa huku huku kwenye rasi za kusini magharibi miaka ya 1970, na waanzilishi walikuwa wanawake wa shambani wakitumia maziwa ya zizini mwao. Veronica Steele wa Milleens, kule Beara, alianza kwa sababu ng'ombe wao alikuwa anatoa maziwa kuliko walivyoweza kunywa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na pembe moja. Durrus akaianza Jeffa Gill, na Gubbeen ni ya familia ya Ferguson pale Schull.

Namna yake ni hii: jibini changa inaoshwa ngozi kwa maji ya chumvi mara kwa mara. Ngozi inageuka rangi ya chungwa, na harufu, jamani, harufu! Soksi za askari aliyetoka doria. Nilinunua kipande nikaweka friji, niliporudi kazini nikakuta mwenzangu wa chumba amekitupa nje, friji limeoshwa kwa sabuni, na ananiuliza kwa upole kama niko salama kiafya.

Kipande cha pili nilikificha. Usiile ya baridi. Itoe mapema ikae kwenye meza mpaka ilegee. Halafu chemsha viazi aina ya Kerr's Pink na maganda yake, vile vinavyopasuka vyenyewe vikawa unga, bandika jibini juu vikiwa vinafuka moshi. Harufu inabaki kwenye sahani, mdomoni inaingia ladha ya uyoga na karanga. Mwenzangu siku hizi ndiye ananitumia ujumbe Jumamosi: usisahau soksi.

nyama_kwanza

Sijaona mtu akitaja mutura, ule utumbo wa kujazwa damu na nyama! Clonakilty, huko huko kwa jamaa wa senene. Wanaiita pudini nyeusi na wanaiweka kwenye kifungua kinywa, lakini ndugu zangu Wakenya hebu tusidanganyane. Damu ya ng'ombe, nyama, vitunguu, viungo, na oti zao (oats) zilizokatwakatwa. Hiyo ni mutura imevaa tai. Tofauti ni kwamba ya kwetu unakula umesimama kando ya jiko la makaa na chumvi kwenye karatasi, hii unaletewa na uma.

bin_Makunduchi

Assalaam aleykum jamaani. Kwa hiyo mutura mtusamehe sisi wengine.

Wanaotafuta halali nje ya miji mikubwa, mji wa Ballyhaunis, kaunti ya Mayo. Mji mdogo, ukipiga chafya umeshaupita, lakini una kiwanda cha nyama ya halali tangu miaka ya 1970 na msikiti uliojengwa 1987. Mara ya kwanza nilipita njia tu kwenda kuona rafiki. Nikasikia adhana moyoni kabla ya masikioni, nikaona mnara baina ya nyumba za mawe na mvua inanyesha. Niliegesha gari nikaswali, nikatoka na kondoo robo tatu kwenye buti.

Ila mimi nilitaka kusema la mwani. Mama yangu amelima mwani Paje tangu biashara ile ilipoanza, mwisho wa miaka ya 1980. Vigingi, kamba, maji kiunoni, gunia kichwani, bei ya mnunuzi. Tulikuwa tukimuuliza wanaufanyia nini huko unakokwenda, anasema sijui, dawa ya meno. Kinachotolewa mle ni karajinani, inayogandisha dawa ya meno, aiskrimu na mengineyo.

Basi niko pwani ya Clare, bibi mmoja ninayemkatia majani ananikaribisha ndani, anatoa bakuli. Ndani mna mwani mkavu, mweupe kidogo kama umechomwa na jua. Anauita karajini. Akaurowesha, akauchemsha na maziwa, akauchuja ute kwenye chujio, sukari kidogo, akamimina vikombeni. Saa ngapi sijui, ukaganda. Laini, baridi, ladha ya bahari unaisikia kwa mbali kabisa. Kwao ni dawa ya kifua tangu zamani. Kumbe jina la ile karajinani limetoka kwenye neno lao wao! Mama yangu kabeba jina la huyu bibi kichwani miaka yote asilijue. Nilimpigia simu video palepale. Wakatazamana. Mama akasema, "Muulize kilo wanauza shilingi ngapi."

Pudini hiyo mtaikuta pia Ballymaloe, Shanagarry, ile nyumba ya shamba ambayo Myrtle Allen aliigeuza mkahawa mwaka 1964 akipika vya shambani na vya majirani. Mimi nimeila huko mara moja kwa harusi ya watu. Nzuri. Ya bibi ilikuwa nzuri zaidi, na siyo kwa sababu ya bure.

dada_wa_Ennis

Shekhe umeniliza na kunichekesha kwa pamoja. Mama hana mchezo na bei!

Na mimi niongeze la chai. Wazee wangu wanakunywa chai kama sisi, nyeusi ya kukolea, maziwa mengi, kuanzia asubuhi. Nikasoma boksi la Barry's, kampuni ya Cork ya tangu 1901: majani ya Kenya na Rwanda yamo. Na kila mzee ana shangazi aliyekuwa sista Kenya. Mimi ni Mtanzania, nimeshachoka kukana, siku hizi nasema ndiyo, namfahamu, anawasalimu.

kahawa_chungu

Chaza mbichi vipi, kuna aliyethubutu?

bin_Makunduchi

Kilcolgan, kusini ya mji wa Galway, kwenye vile vibanda vya ufukweni vilivyoezekwa makuti ya kwao. Chaza wa asili wa ghuba ile analiwa Septemba hadi Aprili, miezi ya joto anaachwa azae. Limau, mkate wa kahawia, siagi. Mimi mtoto wa pwani nilizoea chaza wa kuchemshwa. Cha kwanza nilimeza kama kidonge. Cha pili nikatafuna. Cha sita nikaulizia ndimu na pilipili, mhudumu akaniletea pilipili ya chupa ambayo haikuwasha hata kidogo. Bebeni ya kwenu mfukoni.

mtu_wa_lori

Mimi nitoe onyo. Niliendesha kilomita sitini kwenda baa moja iliyosifiwa kwa supu ya samaki. Mtandao umeandika wazi mpaka saa tano usiku. Nafika saa tatu kasoro dakika kumi, taa zinawaka, watu wamejaa, violini inalia. "Jiko limefungwa saa mbili na nusu." Wazi maana yake bia! Nikala krispi pakiti nne nikisikiliza muziki kwa hasira.

Kwa hiyo piga simu kwanza, na usiulize mnafunga saa ngapi, uliza jiko linafunga saa ngapi. Jumapili mchana ndiyo salama yenu: baa nyingi zina nyama ya kuchoma ya kukatwa mbele yako, na sahani yenye viazi vya aina tatu. Vya kuponda, vya kuoka, na vya tatu sijui kwa nini.

mjomba_Kerry

Kuanzia tarehe 10 mpaka 12 Agosti mkiwa Kerry fikeni Killorglin. Wanakamata beberu wa porini mlimani, wanamvisha taji, wanampandisha kwenye jukwaa refu katikati ya mji, anakuwa mfalme siku tatu, kisha anarudishwa mlimani kwake. Vibanda vya chakula kila kona, barabara inafurika.

Nilienda na shemeji aliyekuja kutembea kutoka Kiambu. Alimtazama yule mbuzi kwa dakika nzima bila kusema kitu. Halafu akanivuta shati: "Wanachinja saa ngapi?" Nikamwambia hachinjwi. Hakuniamini. Tulikaa mpaka jioni kwa sababu yake.

supu_ya_mifupa

Nimesoma yote, sasa naomba msaada.

Niko mji mdogo Tipperary. Bucha yetu ni ya baba na mwana, ng'ombe wanatoka kwa wakulima wa hapo hapo, na jina la mkulima limeandikwa kwenye ubao. Wiki ya kwanza niliomba mifupa ya supu, na kwa Kiingereza changu cha wakati ule nikasema tu "mifupa, tafadhali". Mzee akatabasamu, akanijazia mfuko wa kilo kama tatu, akakataa hela. Akauliza, "Anaitwa nani?" Sikuelewa. Nikadhani anauliza jina langu kwa adabu, lakini jina langu ni gumu kwao, nikasema Simba.

Miaka miwili sasa nachukua mifupa ya bure kila Ijumaa. Ya uboho mle mle. Supu yangu inajulikana mpaka Limerick. Na kila Ijumaa mzee ananiuliza Simba hajambo, anakula vizuri, meno yake vipi. Nilipogundua ni mbwa anayemuulizia nilikuwa nimeshachelewa. Wakati wa Krismasi wamempa ukanda wa shingoni.

Ijumaa iliyopita mwanawe akaniambia wiki hii nije naye, baba yake anastaafu na angependa kumuona.

Aliye karibu na Nenagh au Thurles mwenye mbwa mkubwa, mtulivu, anayeweza kuitikia jina jipya kufikia Ijumaa, anicheki PM. Supu juu yangu.