Bei kikomo ya sukari ikirudi, duka la mtaani lifanye nini? Naomba ushauri

Robo_Kilo (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Swali ni la hesabu na sheria, siasa tuziache kwa leo. Duka ni la rejareja, linatoa mifuko mitano au sita ya sukari ya kilo 50 kwa mwezi, na wateja wengi wanachukua nusu na robo.

Mnakumbuka Januari 2024 Bodi ya Sukari Tanzania ilitangaza bei kikomo (bei ya juu kabisa inayoruhusiwa) kuanzia tarehe 23 ya mwezi huo hadi 30 Juni, rejareja kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea mkoa, wakati mitaani kilo ilishapita 4,000. Ikitokea tena:

1. Mwenye duka aliyenunua juu ya bei ya jumla iliyotangazwa auze kwa hasara, aache kuuza, au kuna njia ya tatu?
2. Mkaguzi akiingia, aonyeshwe nini?
3. Unajiandaaje mapema bila kuonekana unaficha mali?

Wale wa "serikali iliachie soko" na wale wa "wafanyabiashara wote wezi", nawaomba mpite kimya kimya.

Mizani_Haidanganyi

Mkuu, anza na namba moja tu: bei ya juu kabisa unayoweza kununulia mfuko. Usipoijua, utabishana na muuzaji wa jumla kwa hisia.

Tufanye kikomo cha rejareja kwenu ni 3,000. Mfuko una kilo 50 lakini huuzi kilo 50. Ukipima robo robo, kuna inayomwagika, inayobaki kwenye mshono wa mfuko, na mkono unaozidisha kidogo kila mara. Weka upungufu wa gramu 700, unabaki na kilo 49.3. Zidisha kwa 3,000 unapata 147,900. Toa usafiri wa guta, kuli na vifungashio, tuseme 3,000 kwa mfuko. Inabaki 144,900, na hapo faida ni sifuri.

Kwa hiyo ukiuziwa 140,000 (yaani 2,800 kwa kilo) unabaki na 4,900 kwa mfuko mzima. Ndogo, lakini ipo. Ukiuziwa 165,000 unapoteza 20,100 kila mfuko, na kuuza mingi hakutakuokoa. Weka gharama zako halisi, hizi zangu ni za mfano.

Jibu la swali la kwanza: mali iliyopo iuze kwa kikomo hadi iishe, usinunue mpya kwa bei iliyozidi namba yako. Kuishiwa sukari si kosa. Kuwa nayo ndani huku unamwambia mteja "imeisha" ndilo kosa.

Bohari_Kuu

Naongezea kwenye risiti, maana hapo ndipo wengi wanaumia.

Bei ikishabanwa, wa jumla asiyetaka kushusha ana ujanja wa aina mbili. Wa kwanza: unalipa 165,000, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) inasoma 140,000. Ukikaguliwa, karatasi inasema ulinunua halali, kwa hiyo ukiuza 3,500 wewe ndiye mlanguzi na yeye yuko safi. Wa pili: risiti ni sahihi, lakini ili upate mifuko miwili ya sukari lazima ubebe na katoni za sabuni au biskuti zisizotoka. Hasara imehamia kwenye sabuni, bei ya sukari inaonekana nzuri.

Dawa ya wa kwanza ni kulipa kwa simu au benki, kiasi kamili kwa muamala mmoja, jina la duka lionekane. Akikataa malipo ya namba na kutaka taslimu tu, umeshapata jibu lako, ondoka. Kwa wa pili, gawanya hasara ya sabuni kwenye mifuko uliyopata kisha rudi kwenye hesabu ya Mizani. Mara nyingi utakuta umevuka 144,900.

Mkaguzi aonyeshwe risiti za manunuzi zilizopangwa kwa tarehe, daftari la mali iliyoingia na kutoka, bei iliyobandikwa mahali mteja anaiona, na mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo. Na uwe na nakala ya tangazo lenyewe kutoka Gazeti la Serikali, siyo picha ya WhatsApp. Viwango hutofautiana kwa mikoa, na duka lililo mpakani mwa mikoa miwili linaweza kufuata namba ya jirani bila kujua.

Mzee_wa_Foleni

Vijana mnahesabu vizuri, lakini msidhani hili ni jipya. Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973 na ikapanga bei za mamia ya bidhaa. Mahindi nayo yakanunuliwa kwa bei moja nchi nzima, awe mkulima wa Rukwa au wa jirani na Dar, Shirika la Usagishaji likibeba gharama ya usafiri mpaka likazama kwenye madeni. Mwaka 1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi. Sabuni zilikamatwa, zikaoneshwa, lakini zilizokamatwa hazikuzaa nyingine viwandani. Rafu zilianza kujaa baada ya 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza bidhaa.

Miwa_na_Mvua

Mzee wangu, shikamoo. Nakubali, ila kikomo chenyewe si uchawi mbaya. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na vituo havikauki kwa sababu hiyo. Tofauti iko kwenye kanuni: mafuta yanahesabiwa kutoka bei ya dunia, usafirishaji, kodi na faida ya kila mhusika, halafu mwezi unaofuata yanahesabiwa upya. Dunia ikipanda, kikomo kinapanda. Mwaka 2022 serikali ilipotaka bei ishuke chini ya gharama, iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Pengo lililipwa na mtu. Kwa sukari, namba ilipangwa kukaa miezi mitano na pengo halikulipwa na yeyote, likaachiwa mnyororo wa wauzaji.

Na tazameni chanzo cha uhaba ule wa sukari. Mvua za El Niño zilijaza maji mashambani, trekta haziingii, na muwa ulionyeshewa sana hutoa sukari kidogo hata ukifika kiwandani. Wakati huo huo India ilikuwa imebana mauzo yake ya nje na bei ya dunia mwishoni mwa 2023 ilikuwa juu kuliko wakati wowote tangu 2011. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa sukari ni asilimia 100, kwa hiyo bila kibali chenye nafuu ya ushuru hakuna anayeleta meli. Kibali kikichelewa, meli nayo inachelewa, na tangazo la bei haliwezi kuifupisha safari. Ndiyo maana Sheria ya Fedha ya 2024 ilimpa Wakala wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, nafasi ya kununua na kuhifadhi sukari. Ghala likiwa na mali, bei inashuka kwa kufungua mlango, kama wanavyofanya kwenye mahindi.

Asilimia_Tatu

Kidogo nje ya swali, lakini inachanganya watu: sukari kupanda si mfumuko wa bei. Januari 2024, sukari ikiwa gumzo nchi nzima, mfumuko kwa takwimu za NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) ulikuwa asilimia 3.0, ndani ya lengo la asilimia 3 hadi 5. Mwezi huo huo Benki Kuu ilianza kutumia riba yake, CBR, kwa asilimia 5.5. Riba inapunguza kasi ya mikopo na matumizi. Haikaushi shamba la miwa. Upungufu wa bidhaa moja unatibiwa kwa mzigo.

Robo_Kilo

Asanteni sana wakuu. Swali la tatu bado, na limezaa lingine: robo. Kikomo kikiwa 3,000, robo ni 750. Sarafu ya 50 ni adimu, mtaani wote wanauza 800.

Mizani_Haidanganyi

Hapo kuna mtego mkuu. Robo kwa 800 ni 3,200 kwa kilo, umevunja kikomo bila kukusudia. Acha kuuza robo, uza kwa pesa: sukari ya 600 ni gramu 200 kamili, ya 300 ni gramu 100, nusu kilo inabaki 1,500. Bandika hivyo ukutani. Uzito uwe wa sukari peke yake, kifungashio pembeni. Na usishushe robo iwe gramu 230 ili ubaki na 750 ya mdomoni, hilo ni kosa la vipimo.

Bohari_Kuu

La tatu: dalili huja kabla ya tangazo. Wa jumla wakianza kugawa mfuko mmoja mmoja, au wakikataa kukupa bei kwa simu, umeshachelewa kidogo. Kwa duka la mifuko sita kwa mwezi, kuongeza mitatu ni akiba ya wiki mbili, inaelezeka kwa daftari la mauzo. Ukikutwa na thelathini, daftari halitakutetea.

Iweke juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, isikae jirani na mafuta ya taa wala sabuni. Ikivuta unyevu inaganda, na iliyoganda ukiiponda unapoteza zaidi ya zile gramu 700. Tangazo likitoka, mpe kila mteja mwisho kilo mbili, mama lishe wa kila siku mwandikie fungu lake. Mgeni anayetaka mfuko mzima asubuhi ya kwanza anakwenda kuuza kwa 4,000.