Tumelipa dola 360 kwenda Wasini, mama mkwe wangu kakanyaga kisiwa dakika 25

Wakuu, nisameheni, uzi ni mrefu. Tumerudi Dodoma jana usiku na bado nina hasira. Nisipoandika leo nitapoa, na wale watu wataendelea kuuza vile vile kwa familia nyingine.

Tulikuwa Diani, Kenya, siku sita: mimi, mume wangu, watoto watatu (miaka 13, 9 na 4) na mama mkwe wangu mwenye miaka 71. Tuliendesha wenyewe kupitia Tanga, tukavuka mpaka pale Horohoro. Kwa chumba na chakula hoteli sina neno nayo. Malalamiko yangu ni juu ya ile meza ya utalii iliyopo mapokezi, inayouza safari za siku moja. Jina siliweki kwa kuwa bado tunadaiana.

Kwanza mjue kwa nini Wasini, kile kisiwa kidogo cha pwani ya kusini ya Kenya. Mama mkwe ni mtu wa Pangani, lakini babu yake mzaa mama alikuwa Mvumba, yaani Mswahili wa huko, wa Wasini. Amekua akisimuliwa kisiwa hicho na hajawahi kukiona. Tulipoanza kupanga likizo hakuuliza hoteli wala bahari, alisema tu: "Mnipeleke nikaione Wasini, mengine fanyeni mtakavyo." Kwetu sisi safari nzima ilikuwa ni hiyo.

Siku ya pili asubuhi nikaenda kwenye ile meza. Kijana mchangamfu, "karibu mamangu, keti", akanifungulia karatasi ya picha: Wasini na Kisite (ile hifadhi ya baharini), Shimba Hills, Fort Jesus, Tsavo ya siku moja. Wasini ilikuwa dola 75 mtu mzima na 45 mtoto. Kila kitu ndani, akasema: gari, jahazi, kiingilio cha hifadhi, miwani na mirija ya kuogelea, chakula cha kaa na samaki, kutembezwa kisiwani.

Nikamuuliza mambo matatu, mume wangu akiwa kasimama pembeni anasikia. Nilimuuliza kama mama mwenye magoti mabovu atashuka vipi kwenye chombo. Akasema mama hatahitaji kwenda mbali baharini, atashushwa Wasini kwanza mnamo saa nne asubuhi apumzike kijijini, sisi twende Kisite tukaogelee halafu tumkute kwenye chakula. Nikauliza kama yapo maboya ya kuvaa ya mtoto wa miaka minne. "Yapo ya saizi zote." Nikauliza sisi Watanzania tunalipa kiingilio gani. Akajibu bila kupepesa macho: "Mgeni ni mgeni, mamangu, hifadhi ni dola kwa wote."

Tukalipa taslimu dola 360, karibu laki tisa ya kwetu. Tukapewa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, haina muhuri wala jina la kampuni. Hapo nilikosea, najua, msinichambe.

Usiku wa kuamkia safari mama mkwe alikuwa amekaa barazani anaangalia mwezi, umejaa duara kabisa. Akaniita: "Mwanangu, huyo kijana wako kasema nishuke saa nne? Kesho bamvua. Saa nne, saa tano, maji yatakuwa yamekupwa mpaka mwisho. Chombo kikubwa kitafikaje ufukweni?" Kwa wa bara wenzangu: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na hukupwa sana, hilo ndilo bamvua. Katikati ya hapo ni maji mafu, kupanda na kushuka kunakuwa kudogo. Na mwambao wetu wa huku siku za bamvua maji hutoka asubuhi hiyo hiyo ya saa nne, saa tano. Si siri ya wanasayansi. Mama aliyelelewa Pangani aliijua kwa kutazama juu tu.

Nikashuka mapokezi usiku ule ule kumuuliza yule kijana. Akacheka kidogo, akaniambia: "Manahodha wetu wanajua bahari, usijali."

Gari lilitakiwa kufika saa kumi na mbili na nusu, likaja saa moja na nusu. Shimoni, kwenye gati ya kupandia chombo, tulifika saa tatu na robo, na njiani niliona jambo lililonichoma: ile njia panda ya Shimoni ndiyo tuliyoipita wenyewe siku mbili nyuma tukitoka mpakani Lungalunga! Tulipita mlangoni, tukaenda Diani, tukalipa watu waturudishe.

Pale Shimoni ndipo mume wangu alipoona la viingilio. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya linalosimamia hifadhi, hawapokei fedha taslimu, malipo yanapita kwenye simu. Mwongozaji wetu alikuwa anaingiza idadi ya watu, na mume wangu, ambaye ni mhasibu na macho yake yako hivyo, akaona sisi sita tumeingizwa kama raia wa Afrika Mashariki, kwa shilingi. Akamfuata askari wa hifadhi, akamuuliza kwa upole. Askari akamwambia ndiyo, nyie wa jumuiya mna bei yenu ya shilingi, mkionyesha pasi mmemaliza. Ni kama Mkenya anavyoingia Serengeti kwa shilingi wakati Mzungu analipa dola. Kwa hiyo tulitozwa kiingilio cha Mzungu, kikalipwa cha Mwafrika Mashariki, na tofauti ikaingia mfukoni mwa mtu. Mwongozaji alipoulizwa akasema yeye amepewa orodha tu, mambo ya bei tukaulize hotelini. Ndiyo maana walitupiga picha pasi zetu siku ya malipo, nami nikadhani ni za usalama.

Maboya. Ya watu wazima yalikuwepo, ya mtoto hakuna hata moja. Baharia alichukua la mtu mzima akamzungushia mwanangu na kumfunga kwa kamba kiunoni, kichwa kikazama ndani ya kola. Nikasema sipandi. Wakaniambia chombo kinaondoka na hela hairudi. Mume wangu akazunguka vyombo vingine gatini mpaka akapata la kukodi kwa nahodha mwingine, mzee mmoja mstaarabu. Mzee yule alituuliza tumelipa kiasi gani, akatikisa kichwa. Akatuambia mashua za abiria zinavuka Shimoni kwenda Wasini kutwa nzima, wanapanda wanakijiji na vikapu vyao, nauli ndogo tu. Mama mkwe alisikia. Hakusema kitu, akaangalia kisiwa, maana kinaonekana pale pale ng'ambo ya mkondo.

Tukaondoka kwenye saa nne, watu zaidi ya thelathini kwenye jahazi moja. Ikawa kama mama alivyosema. Maji yametoka, mwamba uko nje, jahazi haliwezi kusogea. Nahodha akasema mama atashuka kwenye kidau kisha atembee juu ya matumbawe yenye utelezi mpaka nchi kavu. Mama wa miaka 71! Tukakataa. Basi, twende naye Kisite.

Na hapo kuna kusi. Mwezi wa sita kusi, upepo wa kusini, linavuma, bahari ya nje ina mawimbi na maji yamevurugika. Picha za kwenye karatasi yao, zile za maji kama kioo, ni za kaskazi, upepo wa kaskazini, kuanzia Desemba mpaka Machi. Mtoto wa miaka 9 aliingia majini dakika tano akatoka analia, anasema haoni kitu. Maji yalikuwa kama yaliyooshewa mchele. Mdogo alitapika mara tatu. Mama mkwe alikaa kwenye benchi la mbao, hema linafunika nusu tu, jua limempiga kuanzia saa tano mpaka saa nane na nusu. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo linaniumiza zaidi. Pomboo tuliwaona, ndiyo. Vyombo vinne viliwazunguka kwa injini mpaka wakazama. Mwanangu wa kwanza akauliza kwa nini tunawafukuza, na hakuna mkubwa aliyemjibu.

Wasini tulifika saa tisa kasoro. Maji yamepanda, chombo kimefika vizuri, mama akashuka kwa kushikwa mkono mmoja tu. Chakula kikaletwa haraka haraka: kaa, wali wa nazi, mwani. Kwa kina mama waliopika sina la kusema isipokuwa shukrani. Lakini mama mkwe hakula. Alitaka aonyeshwe makaburi ya kale na asalimiane na wazee, amtaje babu yake, asikie kama yupo anayelijua jina. Mwongozaji akasema hiyo haimo, dereva anasubiri. Nikamwambia kutembezwa kisiwani kumo, nimelipia. Akatuzungusha nyuma ya mkahawa, akaonyesha kwa kidole ile njia ya mbao ya kina mama inayopita kwenye mikoko na matumbawe ya kale, akasema kuingia ni malipo tofauti na muda hakuna. Njia ya mbao! Sehemu ambayo mama angeitembea bila tabu! Ningewalipa wale kina mama kwa furaha.

Dakika 25 nimezihesabu kwenye saa. Mama aliokota kikombe kimoja cha mchanga akakifunga kwenye ncha ya khanga.

Tuliporudi nilidai vitu viwili: tofauti ya kiingilio kwa watu sita, na fedha ya mama yote, kwa sababu alichouziwa hakukipata. Yule kijana akasema meza si ya hoteli, wamepangishiwa nafasi tu. Meneja wa hoteli naye akasema hivyo hivyo. Sasa kwa nini kijana amevaa sare ya hoteli? Safari ya Fort Jesus tuliyoiwekea advansi ya dola 40 nikaifuta palepale, wakagoma kuirudisha.

Siku ya tano tukawasha gari letu wenyewe tukapanda Shimba Hills. Tukaonyesha pasi getini, tukalipa kwa shilingi, watoto wakaona palahala, wale swala wakubwa weusi, ambao kwa Kenya nzima wako pale tu. Hakuna aliyetuita mgeni. Jioni tukaenda mdomo wa mto pale msikiti wa Kongo, hapo hapo Diani, watoto wakacheza kwenye maji mpaka giza.

NYONGEZA: Wameniuliza PM (ujumbe wa faragha) kwa nini hatukurudi Wasini wenyewe kwa ile mashua ya abiria. Tulitaka, njiani kurudi. Magoti ya mama yalikuwa yamevimba, akasema mwaka mwingine Mungu akipenda. Nimeandika malalamiko rasmi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii ya Kenya, nimeambatisha picha ya ile karatasi isiyo na muhuri. Mwenye mwenyeji Wasini kijijini au Mkwiro, kijiji kingine cha kisiwa hicho, anayewajua wazee wa pale aje PM tafadhali, nina jina la babu yake mama na kijiji alichohamia Pangani. Anayejua ratiba za zile mashua za abiria pia aweke hapa. Desemba, maji mafu, tunarudi.