Naomba ushauri: kope imelegea baada ya ajali ya bodaboda

Wakuu habari za leo. Mdogo wangu alianguka na bodaboda akitokea Nanguruwe na magunia ya korosho, usukani ukamgonga shingo na kifua. Picha ilionyesha mtulinga umevunjika, mapafu salama, akarudishwa nyumbani.

Sasa kope ya kushoto imelegea na mboni ya jicho hilo ni ndogo kuliko ya pili. Usiku taa ikizimika tofauti inaonekana zaidi. Anaona vizuri tu. Ajabu ni jasho: na joto hili la Mtwara, paji la uso linalowa upande wa kulia, kushoto pakavu kabisa. Alipewa dawa ya matone, mimi sioni kama tatizo ni jicho.

Shemeji yetu nesi anasema ni dalili za Horner: neva inayotoka kifuani kupanda shingoni sambamba na mshipa mkubwa wa damu imeumia, na mshipa wenyewe ukichanika kwa ndani unaweza kuleta kiharusi. Anataka apigwe CT ya mishipa ya shingo haraka.

Kipimo hicho hospitali ya kanda ya Mitengo, Mtwara, kinafanyika, au twende moja kwa moja Muhimbili? Bima inalipia? Na mama anang'ang'ania kumkanda shingo kwa mafuta ya nazi, nimemzuia kwanza.