SAT: Bluebook, Khan Academy au vitabu vya zamani?

Mlenga1400: Habari wakuu. Zimebaki wiki nane nifanye SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vikuu vya Marekani. Jaribio langu la kwanza nimepata 1180: Hesabu 640, Kiingereza 540. Nina saa moja na nusu kwa siku, pamoja na vitabu vya mazoezi nilivyorithi kwa kaka yangu. Nitumie hivyo, tovuti ya masomo ya Khan Academy, au nifululize majaribio ya Bluebook, programu ya kompyuta inayofanyiwa mtihani wenyewe?

BintiKokotoo: Usifululize Bluebook! Majaribio yake kamili ni machache, na swali ulilokwisha kuliona halikupimi tena. Yatunze, fanya moja kila baada ya wiki mbili. Hapo ndipo utapata mtihani ulivyo hasa: kila somo lina moduli mbili, ukifanya vizuri ya kwanza, ya pili inakuja ngumu zaidi. Ukivurunda inakuja nyepesi, ila alama za juu ndiyo umeshazikosa. Kitabu hakina ujanja huo.

NuktaMkato: Kwa hiyo 540 yako ya Kiingereza, nenda Khan Academy. Ni bure, na mada zimetenganishwa. Wengi hukimbilia kukariri msamiati kumbe wanapoteza alama kwenye koma. Sentensi mbili kamili haziunganishwi kwa koma tupu. Ukikuta "however" inaanza sentensi ya pili, kabla yake panataka nukta au nukta mkato. Sheria kama hizo ni chache, wiki mbili zinatosha.

Msoma_Usiku: Nakubali nusu. Khan inadekeza. Ukiwa ndani ya zoezi la nukta mkato, jibu unalihisi hata kabla ya kusoma. Baada ya wiki ya kwanza changanya mada na utege saa: Kiingereza ni maswali 27 kwa dakika 32, Hesabu 22 kwa dakika 35, kwa kila moduli.

Mlenga1400: Na vitabu?

Msoma_Usiku: Kama ni vya kabla ya mtihani kuhamia kwenye kompyuta, sehemu ya kusoma achana nayo. Zamani kifungu kimoja kirefu kilibeba maswali kumi au zaidi, siku hizi kifungu kifupi, swali moja. Hesabu zake bado zinafaa, hasa zile za bila kikokotoo.

BintiKokotoo: Za bila kikokotoo za nini, wakati Desmos, kikokotoo cha kuchora grafu, imo ndani ya mtihani wenyewe? Mfano: y = x² − 4x + 7 na y = 2x − 2 zinakutana mara ngapi? Unaandika zote mbili, unaona mstari umegusa mkunjo mara moja tu. Sekunde kumi.

Msoma_Usiku: Kwa mkono unabaki na (x − 3)² = 0, nayo ni sekunde kumi. Sasa waondoe ile −2 waweke k, wakuulize k iwe ngapi ili zikutane mara moja. Hapo utahangaika na grafu wakati mwenye aljebra yuko swali la mbele.

BintiKokotoo: Haya, hapo umenipata 😄

Mlenga1400: Asanteni. Nitaanza na Khan asubuhi, aljebra ya kitabuni jioni. La mwisho: swali likinishinda niliache wazi?

NuktaMkato: Hapana. Jibu baya halipunguzi alama. Bahatisha, liwekee alama, urudi muda ukibaki.