Je, vinasaba vinaweza kutabiri mapigo ya moyo yaliyovurugika?

Binti wa Kayole: Wadau, baba yangu alipatwa na kiharusi akiwa na miaka 61, na baadaye kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kwamba atria zake, yaani vyumba vya juu vya moyo, hupapatika. Mimi nina miaka 34. Je, nipimwe vinasaba?

Daktari, Ngara: Pole sana, dada. Tangu 2007 inajulikana kwamba mabadiliko yaliyo karibu na jeni ya PITX2, katika kromosomu ya 4, huongeza uwezekano wa tatizo hilo. Lakini alama za vinasaba, yaani hesabu za kukadiria hatari ya mtu kutokana na jeni zake, zimejengwa zaidi kwa data za watu wenye asili ya Ulaya, hivyo kwetu Waafrika utabiri wake ni dhaifu zaidi. Umri, shinikizo la damu, uzito, kisukari na sigara bado vinaeleza mengi, na hapa kwetu tusisahau vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Muuguzi, Kariobangi: Mimi humwekea mgonjwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu dakika nzima, mara nyingi mapigo yasiyofuatana huhisika kabla mashine haijawashwa. Anza na hilo, dadangu, pamoja na shinikizo.

Binti wa Kayole: Asanteni. Jana shinikizo langu lilikuwa juu, 148 kwa 94, nami sikuwa nimelipima tangu nijifungue. Jumatatu naenda kliniki.