Tupeane uzoefu: ulianzaje kucheza raga ukiwa mtu mzima?

MwanaSection58: Wadau, hamjambo. Jioni nimepita Nakuru Athletic Club nikakuta watu wako mazoezini, nikasimama kuwatazama mpaka giza likaingia. Nina miaka 31, kazi yangu ni ya dukani, na shuleni kwetu kulikuwa na kandanda na voliboli tu. Sina haja ya kombe, nataka raga ya kujifurahisha wikendi. Mlioanza ukubwani, ilikuwaje? Semeni mazuri na mabaya.

Bintilurambi: Umenikumbusha mbali! Mimi nilianzia raga ya kugusa hapa Kakamega, wanawake kwa wanaume, sita kwa sita. Ukiguswa unaweka mpira chini, unauvuka, mwenzako anauokota. Mkiguswa mara sita, mpira ni wa wapinzani. Hakuna kuangushana. Kigumu ni kwamba unakimbia mbele lakini pasi lazima iende nyuma. Kocha wetu alitufundisha kuchelewa makusudi: mwenzako akiwa na mpira wewe baki hatua kadhaa nyuma yake, halafu uje kwa kasi anapokutazama. Siku hiyo mchezo ulinifungukia.

Mzee_wa_Skramu: Hiyo ya kugusa si raga. Raga ni bega kwa bega. Aje akabwe, yaani ashikwe na kuangushwa chini akiwa na mpira, siku ya kwanza ajue kama anaipenda.

Bintilurambi: Mzee wangu, kwa heshima zote, mtu wa dukani akikabwa siku ya kwanza, siku ya pili humwoni.

BabaImani: Jameni, hilo neno kukabwa limenirudisha Kisumu. Kikundi sitakitaja. Mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa ule udongo mweusi unaong'ang'ania daluga mpaka mguu unakuwa mzito. Kocha akatupanga mistari miwili, huyu abebe mpira, huyu amkabe. Hakuna aliyetuonyesha kichwa kinakwenda upande gani. Nikapangiwa jamaa mwenye mapaja kama magogo. Alinijia mzimamzima, nikainama, goti lake likanipata juu ya sikio. Sikuzimia. Nilisikia mlio mwembamba, na nyasi zote zikageuka njano. Kocha akapiga makofi: "Inuka, wewe ni mwanamume!" Nikarudishwa kwenye mstari.

Yaliyofuata nimesimuliwa tu. Nilipanda matatu ya Luanda, na mimi nakaa Nyamasaria, upande mwingine kabisa. Makanga aliona namuuliza nauli, nalipa, kisha namuuliza tena na kutoa pesa nyingine. Mama mmoja niliyekaa naye akaniomba simu, akampigia mtu wa mwisho niliyeongea naye, ambaye ni mke wangu. Tukashukia Kisian. Mke wangu alinikuta kwenye kibanda cha muuza mahindi, daluga moja mguuni, nyingine nimeishika mkononi. Nikamuuliza kama Imani amekula. Akanijibu. Nikamuuliza tena. Nikamuuliza tena. Anasema hapo ndipo alipoanza kulia.

Hospitalini wakasema ni mtikisiko wa ubongo. Kwa muda mrefu mwanga wa dirishani uliniumiza kichwa, na kelele za mtoto wangu mwenyewe sikuziweza.

Na bado naipenda raga. Baada ya daktari kuniruhusu nilienda timu nyingine, na kule tulianza kukabana sote tumepiga magoti. Kisha kwa kutembea. Kisha mbio za polepole. Kichwa kinakaa nyuma ya makalio ya unayemkaba, kamwe si mbele ya mwili wake. Bega ndilo linalogonga paja, mikono inafunga, macho yako wazi. Ukikuta mahali hawafundishi hivyo, chukua begi lako uondoke.

Nyar_Kondele: Pole sana, baba Imani. Yule mama Mungu ambariki.

Mkaaji_Milimani: Ngoja kwanza, walikushusha Kisian wakakuacha?

BabaImani: La, mama alishuka nami. Alikaa mpaka mke wangu akafika, na nauli ya kuendelea na safari alikataa katakata tusimpe.

Mkaaji_Milimani: Aisee. Watu wazuri bado wapo.

Mzee_wa_Skramu: Pole kijana. Ila kocha msimlaani sana. Sisi zamani tuligongwa na tukaendelea.

Nyar_Kondele: Mzee, mimi ni nesi na hapo sikubaliani nawe hata kidogo. World Rugby, wasimamizi wa raga duniani, wamelisema wazi: mchezaji wa ngazi yetu akishukiwa tu kuumia ubongo, anatoka papo hapo na harudi siku hiyo, hata akiapa yuko sawa. Na haachwi peke yake. Kutozimia hakumaanishi uko salama. Baba Imani amewaeleza vizuri kuliko kitabu.

Mzee_wa_Skramu: Sawa, nesi. Basi na mimi niseme ninalolijua. Mgeni, kuna skramu, pale timu mbili zinapofungamana mabega na kusukumana kugombea mpira. Wakikuambia uende safu yake ya mbele kwa kuwa una mwili mkubwa, kataa mpaka ufundishwe. Shingo si kitu cha kujaribia. Timu isipokuwa na watu waliofunzwa safu ya mbele, refa anaamuru skramu za bila kusukumana, na hiyo si aibu. Anzia winga.

Mkaaji_Milimani: Winga? Mtu wa dukani ana mbio wapi? Aende gym kwanza miezi kadhaa.

Bintilurambi: Akingoja gym hatacheza maisha. Aende uwanjani, pumzi itakuja hukohuko.

DalugaZaKibuye: Viatu: daluga za kandanda za mitumba zinatosha kabisa kuanzia. Pitisha kidole kwenye njumu, ukisikia makali yoyote usinunue, zitamchana mwenzako. Kata kucha, vua pete. Kinga ya meno usiazime ya mtu: nunua ile ya kuchovya kwenye maji ya moto, unaing'ata ikiwa laini mpaka ishike umbo la meno yako. Ukifungua mdomo ikadondoka, irudie.

KabrasDamuni: Mimi nilianza 2016. Aprili Kenya iliichapa Fiji 30-7 fainali ya raga ya wachezaji saba kule Singapore, na mwaka huohuo timu yetu ya Kabras ikachukua Kenya Cup, kombe la ligi kuu ya raga nchini, kwa mara ya kwanza. Nani angebaki nyumbani? Ndugu, hamia Kakamega, raga iko huku.

Mkaaji_Milimani: Nakuru tulilichukua 2013 na 2014 mkiwa bado mnatafuta njia. Na Prinsloo Sevens, mashindano ya wachezaji saba, iko wapi kama si Nakuru?

KabrasDamuni: Na 2022, 2023, 2024 lilikuwa kwenye kabati la nani?

Nyar_Kondele: Kisumu nasi tuna mashindano yetu ya Dala Sevens, na samaki. Endeleeni.

MwanaSection58: Asanteni. Nitaanza na ya kugusa, na kukaba nitauliza kama wanaanzia magotini. Mke wangu amesoma ya baba Imani, anataka kuja kumsikia kocha mwenyewe.

BabaImani: Aje. Na asajili namba ya kocha.

Wa_Kanduyi: Samahani kuingilia, kuna yeyote anayecheza ya kugusa Bungoma? Nina dada wawili wanataka kuanza, mmoja ana miaka 38.