Naomba ushauri: namna ya kumtambua kinda wa konokono wa miambani

Ndugu wanachama, naomba msaada wenu kuhusu Helicigona lapicida, konokono wa nchi kavu wa Ulaya aishiye katika nyufa za miamba, mwenye gamba bapa lililozungukwa na ukingo mkali. Ninaowachunguza kwenye mwamba wa chokaa wana ukingo huo, lakini mdomo wa gamba haujapinda kwa nje kama wa waliokomaa, na makinda ya spishi nyingine nayo yaweza kuwa na ukingo. Nimeyatazama magamba kwa kioo cha kukuzia bila kupata uhakika; kuwapasua nisingependa, tena viungo vyao vya uzazi, ambavyo ndivyo hutazamwa ndani ili kutofautisha spishi, havijakomaa. Je, ipo alama ya nje inayotosha kumtambua kinda, au ni lazima kusubiri akue?